Vifurushi Vyenye Masharti

Ni nadra programu ya kompyuta kujitosheleza. Mwandishi wake hutumia vipande vilivyokwisha andikwa na wengine, navyo huitwa vifurushi. Programu isipovikuta katika mashine, haitafanya kazi.

Viko vifurushi vinavyohitajiwa kila mahali, na viko vinavyohitajiwa kwa sharti tu. Natutazame lugha ya Python. Toleo lake la 3.11, lililotoka Oktoba 2022, lilikuja na chombo chake chenyewe cha kusoma mafaili ya TOML, ambamo waandishi wengi huweka mipangilio ya programu zao. Matoleo ya nyuma hayana chombo hicho, hivyo huazima kifurushi cha nje kiitwacho tomli. Mwandishi basi huandika katika orodha yake mstari huu:

tomli; python_version < "3.11"

Maana yake: weka tomli, lakini ikiwa tu Python ya mashine hii ni ya chini ya 3.11. Ni kama kumwagiza mtoto dukani, “Ukikuta jiko la nyumba ile ni la mkaa, nunua mkaa.” Mwenye jiko la gesi hahitaji.

Taabu huanza pale kazi inapoachiwa mitambo. Kompyuta moja huweka programu katika mashine nyingi usiku, wala hapana mtu wa kuulizwa. Tuseme fundi ana Python 3.12 mezani pake. Anatoa amri ya pip freeze, nayo humwandikia vifurushi vyote vilivyomo katika mashine yake. Tomli haimo, kwa kuwa kwake haihitajiwi. Amri hiyo haiandiki masharti hata kidogo. Huandika inachokiona tu. Orodha ile ikipelekwa kwenye mashine ya shule yenye Python 3.10, programu ya kutolea alama za mtihani itakwama asubuhi, na wazazi wako mlangoni. Fundi naye atashangaa, maana kwake ilikwenda vizuri.

Kwa hiyo sharti lapasa lipimwe katika mashine itakayotumika, si katika ile iliyoandikia orodha. Zana kama Poetry na uv hufunga orodha pamoja na masharti yake, ili kila mashine ijichagulie. Hata hivyo, hapana budi kuijaribu programu kwa kila toleo lililoahidiwa. Kazi hii huchosha, na ndiyo maana wengi huiruka.

Jambo jingine ni la hesabu. Wako wanaojitungia sharti lao kwa kulinganisha namba za matoleo kama maneno ya kamusi. Kwa mpango huo 3.10 hutangulia 3.9, kwa sababu 1 huja kabla ya 9. Mtambo ulioambiwa ukubali toleo la 3.9 na kuendelea utaikataa 3.10, iliyotoka Oktoba 2021, mwaka mzima baada ya 3.9.