Malezi: mtoto asiyeficha neno afunzwe busara, asizibwe mdomo

Mgeni ameketi, bugali na sambaza viko mezani, kila mtu amekwisha kunawa mikono. Ndipo mtoto wa miaka 6 anauliza kwa sauti: "Mama, huyu si ndiye unasemaka anakuyaka tu saa ya kula?"

Baba anakohoa. Mama anainamia sahani. Mgeni akishaaga, mtoto anachapwa, naye haelewi kosa lake ni lipi. Alilosema ni kweli, tena alilisikia kinywani mwa mama yake.

Watoto wa aina hii wanajulikana Bukavu, Goma, Uvira na hata Lubumbashi. Neno likifika kwenye ulimi wao, halirudi nyuma. Humwambia shangazi kwamba amenenepa, humsahihisha mwalimu mbele ya darasa zima, hutangaza kanisani kwamba mahubiri yamekuwa marefu. Majirani husema mtoto huyo hana adabu, na mzazi huona aibu.

Katika Kivu jambo hili linaweza kuzidi aibu. Familia nyingi zilizokimbia vita zimehifadhiwa na ndugu au marafiki, watu kumi na zaidi chini ya paa moja. Mtoto akimwambia mwenye nyumba kwamba chakula chake ni kidogo, anaweza kuharibu amani ya nyumba ambayo familia yake haina pengine pa kwenda. Na kwenye kizuizi cha watu wenye silaha, neno moja la mtoto linaweza kuwaletea wazazi maswali ya hatari.

Kwa nini wengine hawajizuii

Kutumia maneno kwa busara hakuzaliwi na mtu, hufunzwa. Watoto wengi huanza kuelewa vizuri kwamba mtu mwingine ana mawazo yake, tofauti na yao, wakiwa na miaka 4 au 5 hivi. Kujua kwamba neno la kweli linaweza kumuumiza mwenzako, na kulizuia kwa wakati, huchukua miaka zaidi.

Watafiti Victoria Talwar na Kang Lee, wa Kanada, walilichunguza jambo hili. Katika utafiti uliotolewa mwaka 2002, mtu mzima aliyekuwa na alama nyekundu puani aliwauliza watoto wa miaka 3 hadi 7 kama anapendeza kupigwa picha. Wengi walimjibu kwamba ndiyo, kisha alipoondoka wakasema kinyume. Mwaka 2007 watafiti hao na mwenzao waliwapa watoto zawadi ya kipande cha sabuni badala ya mchezo. Kadiri watoto walivyokuwa wakubwa, ndivyo walivyosema zaidi kwamba wameipenda.

Basi mtoto anayesema "sipendi sabuni" si lazima awe mbaya. Mara nyingi amechelewa tu katika somo ambalo wenzake wamelishika mapema. Wengine wanahitaji muda mrefu zaidi, kama watoto wenye usonji, ambao huenda wasisome kwa urahisi hasira au huzuni kwenye uso wa mtu. Mtoto akiwa pia na shida ya kuongea, ya kucheza na wenzake au ya kutulia, afadhali apelekwe kwa muganga wa hospitali kuliko kuongezewa fimbo.

Mzazi afanye nini

Kwanza, asimgombeze mbele ya watu. Aombe radhi kwa mgeni kwa kifupi, kisha baadaye aongee na mtoto pembeni: "Uliona uso wa baba mdogo ulivyobadilika? Unadhani alisikia nini moyoni?" Mtoto akijibu mwenyewe, somo linakaa.

Pili, ampe kipimo anachoweza kukikumbuka: je, huyu mtu anaweza kurekebisha jambo hilo sasa hivi? Kifungo cha shati kimefunguka, mnong'oneze. Ana kovu usoni, nyamaza, maana hawezi kulifuta.

Tatu, ampe maneno mengine ya kutumia. Badala ya "sombe hii ni mbaya," aseme "aksanti mama mkubwa, nimeshiba." Badala ya "mwalimu umekosea," anyooshe mkono na kuuliza: "Mwalimu, pale ubaoni ni 7 ao ni 9?" Mtoto hajadanganya, na mwalimu hajavunjiwa heshima.

Nne, wazazi wachunge vinywa vyao. Mtoto aliyemwaibisha mgeni alirudia masengenyo ya nyumbani. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Mpaka usiovukwa

Kuna hatari upande wa pili. Mtoto aliyezoezwa kwa fimbo kutomwaibisha mtu mkubwa atanyamaza pia siku mtu mkubwa atakapomtendea uovu. Wanaowanajisi watoto hutegemea ukimya huo, na mara nyingi ni watu wanaojulikana nyumbani.

Kwa hiyo mzazi anayefundisha busara afundishe na jambo hili siku ileile: hakuna siri kuhusu mwili wako. Mtu akikugusa vibaya, akikupiga au akikukataza kumwambia mama, sema, hata akiwa mjomba, mwalimu au mchungaji. Kusema hilo si kukosa adabu.

Sheria nazo zinatambua pande zote mbili. Mkataba wa Afrika wa haki za mtoto, wa mwaka 1990, unamtaka mtoto aheshimu wazazi na wakubwa. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 inayomlinda mtoto inampa haki ya kutoa maoni yake katika mambo yanayomhusu, kulingana na umri na ukomavu wake.

Mtoto huyu huyu anayewatoa wazazi jasho mbele ya wageni ndiye atakayekuwa wa kwanza kusema kwamba mdogo wake anaumwa, kwamba pesa za masomo zimepotea njiani, au kwamba jirani fulani anamwogopesha. Jambo hilo litafika kwa wazazi ikiwa, wakati wa kumfunza kunyamaza, hawakumfanya aogope kuongea nao.