Rundo la Karatasi na Kamba ya Waya

Mtu aandikapo programu ya kompyuta, huiandika kwa maneno na alama ambazo wenzake waweza kuzisoma. Kompyuta haifahamu maneno hayo. Yenyewe hutambua tarakimu mbili tu, 0 na 1. Kwa hiyo hutumika programu nyingine, iliyo kama mkalimani, kuyageuza maandishi ya mtu kuwa maagizo ya mashine. Je, katika hayo mawili, yapi huchukua nafasi kubwa zaidi?

Safari ya Apollo 11, iliyowafikisha Wamarekani wawili mwezini tarehe 20 Julai 1969, yatoa jibu moja. Kompyuta ya chombo kilichotua ilikuwa na hifadhi ya kudumu yenye nafasi 36,864, kila nafasi tarakimu 16. Tarakimu 8 ni baiti moja, nayo yatosha herufi moja. Basi hifadhi hiyo yote ilikuwa baiti 73,728, wala haingeweza kubeba hata kitabu cha hadithi cha kurasa mia.

Lakini maandishi ya programu yalikuwa mengi mno. Picha ya mwaka 1969 yamwonyesha Margaret Hamilton, aliyewaongoza waandishi wa programu hizo katika chuo cha MIT, akisimama kando ya rundo la maandishi yaliyochapwa, nalo lalingana naye kwa kimo. Sababu ni hii: mstari mmoja waweza kuwa na herufi 50, yaani agizo, jina la mahali, na maelezo ya kuwakumbusha watu kusudi lake. Mkalimani huyaacha maelezo, hugeuza majina kuwa namba, na mara nyingi mstari mzima hubaki baiti 2.

Baiti hizo zilisukwa kwa mkono, na kazi hiyo yastahili kustaajabiwa. Wanawake mafundi wa kiwanda cha Raytheon, huko Waltham, walipitisha waya katika vipete vidogo: waya ukipita ndani ya kipete ni 1, ukipita nje ni 0. Kosa lililokwisha kusukwa halikufutika kwa kalamu.

Hata hivyo, si kila mara maandishi ya mtu huwa makubwa. Programu ya kuandika salamu moja tu, katika lugha iitwayo C, haifiki herufi 100. Lakini ikigeuzwa katika kompyuta za siku hizi zitumiazo Linux, huwa faili la baiti 16,000 hivi. Mkalimani huongeza maagizo ya kuianzisha programu, orodha za anwani, na nafasi tupu za kujaziliza. Programu ikiwa kubwa, nyongeza hizo hazionekani sana, kama uzito wa kikapu usivyohesabiwa kikijaa mahindi.

Maelezo yaliyoachwa na mkalimani hayarudi tena. Katika waya hayamo kabisa. Maandishi ya Apollo 11 yasomwa leo kwa sababu karatasi zake zilihifadhiwa, zikapigwa picha, na watu wakayanakili upya mstari kwa mstari.