Mwanao akiumia uwanjani, usimharakishe kurudi

JIONI katika kata ya Msangano, wilayani Momba, vijana wakitoka shambani huenda kucheza mpira. Mmoja akigongwa na kuanguka, wenzake humpigia kelele: "Inuka, acha uzembe!" Huinuka na kuendelea hata kama anaona kizunguzungu. Mzazi hushtuka usiku, mtoto anapoanza kutapika.

Mzazi wa aina hiyo ana la kujifunza kwa Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu wa Uganda aliyeuawa mwaka 1972 enzi za Idi Amin. Mathias alizaliwa Marekani na wazazi kutoka Uganda, akasoma Boston College. Hapo alicheza futiboli ya Kimarekani, ambayo mpira hubebwa mikononi kama raga na wachezaji huvaa kofia ngumu.

Timu ya chuo hicho ina sifa za siku nyingi. Msimu wa 1940 ilishinda mechi zote 11. Mwaka 1984 Doug Flutie alirusha pasi ndefu muda ukiwa umekwisha, wakaifunga Miami 47-45.

Kazi ya Kiwanuka ilikuwa kumwangusha mrushaji wa wapinzani kabla hajaachia mpira. Alihesabiwa mara 37 na nusu, rekodi ya chuo. Nusu hupatikana wawili wakimwangusha pamoja. Kuanzia 2002 hadi 2005, timu yake ilishinda kila mwaka mechi ya kufunga msimu.

Mwaka 2006 alichukuliwa na New York Giants. Mwaka uliofuata alivunjika mguu, akakaa nje huku wenzake wakitwaa ubingwa. Mwaka 2010 aliumia shingo baada ya mechi tatu tu, akapumzishwa msimu mzima uliobaki. Aliporudi alicheza mechi zote za msimu wa 2011, na Februari 2012 alikuwa uwanjani Giants walipotwaa tena ubingwa. Kupumzika hakukumwondolea uanaume wala riziki.

Kichwa kinahitaji subira zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa Boston University, chuo kingine mjini humo, walieleza kuwa kati ya ubongo wa marehemu 53 waliowahi kucheza futiboli hiyo vyuoni, 48 ulikuwa na ugonjwa unaohusishwa na kugongwa kichwa mara kwa mara. Familia nyingi zilitoa ubongo huo kwa sababu zilishaona dalili, hivyo si kila mchezaji huugua. Hata hivyo, onyo limeeleweka.

Kwa mzazi, mambo ni haya. Mtoto aliyegongwa kichwa asirudi uwanjani siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Akitapika tena na tena, akichanganyikiwa, akipata degedege, akisinzia kupita kawaida au kichwa kikizidi kuuma, apelekwe kituo cha afya bila kungoja asubuhi. Akilalamika shingo, asikandwe wala kuvutwa. Atulizwe alipo hadi msaada ufike.

Mechi nyingine itakuwepo wiki ijayo.