Je, Wajua? Ireland, Raga na Mashabiki Wanaojua Kunyamaza

Je, wajua kwamba katika mji wa Limerick, magharibi mwa Ireland, mgeni akipiga penalti mashabiki wa nyumbani hunyamaza kimya? Uwanja wa Thomond Park, maskani ya timu ya Munster, huchukua watu kama 25,600, na mechi ikipamba moto watu hao hawana dogo: wanaimba, wanapiga vigelegele, wanasukumana mabega. Refa anapopuliza filimbi na mpigaji kuuweka mpira juu ya kigingi chake cha plastiki, kila kitu hubadilika. Anarudi nyuma hatua tatu nne, anajisogeza pembeni, anazitazama nguzo. Uwanja mzima umeufunga mdomo. Unasikia mtoto akikohoa upande wa pili. Akitokea mtu wa kupiga mluzi, jirani zake humgeukia na kumwambia “shhh!”, na mara nyingi anayemnyamazisha ni mzee wa makamo aliyeletwa pale na babake kama alivyomleta mwanawe.

Ukimya huo hautolewi kwa mpigaji wao peke yake. Mpinzani hupewa ule ule, hata kama teke hilo litawatoa mashindanoni. Wapo wanaosema kwamba ukimya wa Limerick unamtisha mgeni kuliko kelele, na huenda ni kweli, maana mtu hubaki peke yake na mpira wake. Mimi nauona zaidi kama ahadi: tukikushinda, tutakushinda kwa haki. Siku hizi, mjini Dublin hasa, mluzi husikika mara kwa mara wakati wa mateke, na wazee wa raga hulalamika wazi. Naona wana haki ya kulalamika. Desturi ya namna hii huishi kwa kulindwa.

Je, wajua kwamba kisiwa cha Ireland kina nchi mbili lakini timu moja ya taifa ya raga? Kisiwa kiligawanywa mwaka 1921. Upande mmoja leo ni Jamhuri ya Ireland, upande mwingine ni Ireland Kaskazini iliyobaki chini ya Uingereza. Katika soka kila upande una timu yake. Raga ilikataa kugawanyika: chama chake, kilichoundwa mwaka 1879, kinasimamia kisiwa kizima hadi leo. Majimbo ya kale ni manne, Leinster, Munster, Connacht na Ulster, na Ulster yenyewe imepasuliwa na mpaka: kaunti sita ziko Kaskazini, tatu ziko katika Jamhuri. Hivyo mashabiki wawili waliovaa jezi moja ya kijani huenda mmoja anabeba pasipoti ya Dublin na mwenzake ya London, na jioni hiyo hakuna anayeuliza.

Je, wajua kwamba timu hii ina wimbo wake, usio wimbo wa taifa la mtu yeyote? Katika Kombe la Dunia la kwanza, mwaka 1987, haukuwepo wimbo ambao pande zote mbili zingeweza kuuimba kwa moyo mweupe. Kabla ya mechi na Wales mjini Wellington ikachezwa kanda ya wimbo wa zamani wa mapenzi, Rose of Tralee, na wachezaji wakasimama wakiona haya. Kufikia Kombe la 1995 nchini Afrika Kusini, mtunzi Phil Coulter, mzaliwa wa Derry upande wa Kaskazini, alikuwa ameombwa kutunga kitu kipya. Akatunga Ireland’s Call, unaoyataja majimbo yote manne kwa pamoja. Mechi ikichezwa Dublin, wimbo wa taifa wa Jamhuri huimbwa kwanza, kisha huu. Ugenini huimbwa huu peke yake. Wapo wasioupenda muziki wake, na hilo ni suala la masikio. Kazi uliyopewa umeifanya.

Je, wajua kwamba kuanzia 1954 mji wa Belfast ulikaa zaidi ya nusu karne bila mechi kubwa ya timu ya taifa ya wanaume? Mwaka huo wachezaji wa kusini hawakutaka kusimama kwa ajili ya wimbo wa malkia wa Uingereza kabla ya kucheza na Uskoti. Wakazungumza na viongozi, mechi ikachezwa, lakini baada ya hapo mechi za nyumbani zikahamia Dublin. Ireland haikurudi Belfast hadi Agosti 2007, ilipocheza na Italia.

Je, wajua kwamba England iliwahi kushangiliwa Dublin kwa dakika tano nzima kabla hata ya mpira kupigwa? Mwaka 1972 ulikuwa mbaya. Mwezi Januari wanajeshi wa Uingereza waliwapiga risasi waandamanaji mjini Derry, na siku chache baadaye ubalozi wa Uingereza mjini Dublin ukachomwa moto. Uskoti na Wales wakaona usalama haupo, wakakataa kusafiri. Ireland ilikuwa imeshinda mechi zake mbili za ugenini, ikaukosa ubingwa wa mwaka wa Mataifa Matano kwa mechi ambazo hazikuchezwa. Wafaransa, kwa ungwana wao, walikuja Dublin kucheza mechi ya ziada ya kirafiki.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu ya England kusafiri, na hao ndio waliokuwa na sababu kubwa kuliko wote ya kuogopa. Walikuja. Tarehe 10 Februari 1973 walipotoka chumbani kuingia uwanja wa Lansdowne Road, watu walisimama na kupiga makofi, wakaendelea kupiga, hadi wachezaji wa England wakawa hawajui waangalie wapi. Kisha Ireland ikawafunga 18-9. Usiku, kwenye chakula cha pamoja, nahodha wao John Pullin alisimama akasema kwa kifupi kwamba huenda wao si wazuri sana, lakini angalau hutokea. Ukumbi ulilipuka kwa vicheko na makofi, na wapenzi wa raga Ireland wanalisimulia jambo hilo hadi leo.

Je, wajua kwamba bomu lililotegwa mpakani lilikatisha maisha ya raga ya Nigel Carr? Tarehe 25 Aprili 1987 wachezaji watatu wa Ulster, Carr, David Irwin na Philip Rainey, walikuwa garini wakielekea mazoezini Dublin kujiandaa na Kombe la Dunia. Bomu la IRA, wanamgambo waliopigana kuuondoa utawala wa Uingereza, lililomlenga Jaji Maurice Gibson lililipuka gari lake lilipokuwa likipishana na lao. Jaji na mkewe walikufa papo hapo. Irwin, aliyekuwa daktari, ndiye aliyemvuta Carr kutoka ndani ya gari. Carr hakucheza tena. Wiki chache baadaye timu ile ile ya kaskazini na kusini ilipanda ndege pamoja kwenda New Zealand.

Je, wajua kwamba Januari 1999, miezi tisa tu baada ya mkataba wa amani wa Ijumaa Kuu huko Ireland Kaskazini, Ulster ilitwaa ubingwa wa vilabu vya Ulaya mjini Dublin kwa kuifunga Colomiers ya Ufaransa 21-6, na kwamba watu wa Munster, Leinster na Connacht walikuwepo wakiwashangilia watu wa Kaskazini kama ndugu?

Je, wajua ni kwa nini wanaume wenye miili ya mafahali walilia hadharani tarehe 24 Februari 2007? Tuanze mbali kidogo. Croke Park ni uwanja mkubwa wa Dublin, mali ya chama cha michezo ya jadi ya Kiairishi, GAA. Tarehe 21 Novemba 1920, saa chache baada ya IRA kuwaua maofisa wa ujasusi wa Uingereza mjini humo, askari wa serikali waliingia Croke Park katikati ya mechi na kufyatua risasi. Watu 14 walikufa, mmoja wao akiwa mchezaji Michael Hogan wa Tipperary. Jukwaa moja la uwanja huo lina jina lake. Kwa miongo mingi chama hicho hakikuruhusu michezo “ya kigeni” katika viwanja vyake, raga ikiwemo.

Lansdowne Road ilipotakiwa kubomolewa na kujengwa upya, raga ilikosa nyumba. Mwaka 2005 wajumbe wa GAA wakapiga kura kulegeza sheria. Si uamuzi mdogo ule: ni mtu kumfungulia mlango jirani ambaye babu yake hakumfungulia. Ufaransa ilikuja kwanza, Februari 2007, ikashinda 20-17 kwa trai ya dakika za mwisho. Wiki mbili baadaye ikaja England, na pamoja nayo wimbo wa kumwombea malkia, uimbwe pale pale damu ilipomwagika.

Nchi nzima ilikuwa imejadili wiki nzima: watazomea? Watageuka mgongo? Bendi ikaanza. Zaidi ya watu 80,000 wakasimama kimya. Wageni wakauimba wimbo wao hadi mwisho bila mluzi hata mmoja wa kutajika, na ulipokwisha wenyeji wakapiga makofi. Kisha wakaimba zao kwa sauti ambayo hata kwenye runinga ilikufikia kifuani. Kamera ikampitia John Hayes, jitu la safu ya mbele kutoka kaunti ya Limerick, machozi yanamtiririka mashavuni. Ireland ilishinda 43-13. Trai moja ilifungwa na Shane Horgan, aliyeruka na kuudaka mpira hewani kwa mikono miwili kama wanavyofanya wachezaji wa kandanda ya Kigaeliki, mchezo wa uwanja huo huo.

Je, wajua kwamba Waairishi wakiwa uwanjani huimba habari za njaa? Fields of Athenry, uliotungwa na Pete St. John, unamhusu mtu aliyefungwa na kusafirishwa hadi Australia kwa kuiba nafaka ya kuwalisha watoto. Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852, viazi vilipooza shambani, iliua watu kama milioni moja na kuwahamisha zaidi ya milioni nyingine. Hadi leo kisiwa hakijarudisha idadi ya watu kiliyokuwa nayo kabla ya njaa. Ndiyo maana timu ikicheza Chicago, Sydney au London, jezi za kijani hujaa: wengine wamesafiri, wengine ni wajukuu wa waliohama. Mechi ya Ireland na Romania kwenye Kombe la Dunia la 2015, uwanjani Wembley, ilitazamwa na watu 89,267, rekodi ya mashindano hayo wakati ule.

Je, wajua kwamba Ireland imefika robo fainali ya Kombe la Dunia mara nane na haijawahi kuvuka? Mara nane! Na mashabiki hununua tiketi za safari inayofuata.

Je, wajua kwamba Nairobi imo katika historia hii? Mwaka 1955 timu ya Lions, inayokusanya wachezaji wa England, Uskoti, Wales na Ireland, ikiwa chini ya nahodha Robin Thompson wa Ireland, ilipita Nairobi ikitoka Afrika Kusini na kuifunga timu ya Afrika Mashariki 39-12. Nyota wa ziara hiyo alikuwa kijana wa Dublin mwenye miaka 19, Tony O’Reilly, aliyefunga trai 16.

Je, wajua kwamba Jack Kyle, namba kumi wa Belfast aliyeisaidia Ireland kushinda mechi zote za ubingwa huo wa Mataifa Matano mwaka 1948, aliiacha raga akaenda kuwa daktari wa upasuaji mjini Chingola, Zambia, na kukaa huko zaidi ya miaka thelathini? Ireland ilipofanikiwa tena kushinda zote, mjini Cardiff mwaka 2009, miaka 61 ilikuwa imepita. Mzee Kyle alikuwepo uwanjani.

Na je, wajua kilichotokea Oktoba 2016? Anthony Foley, kocha wa Munster na namba nane wao wa zamani, alifariki ghafla Paris akiwa na timu safarini. Novemba 5, mjini Chicago, All Blacks wa New Zealand walipocheza haka, ngoma yao ya jadi ya kabla ya mechi, wachezaji wa Ireland walisimama mbele yao wakiwa wamejipanga kwa umbo la namba 8. Siku hiyo Ireland iliwafunga 40-29, mara ya kwanza tangu walipoanza kukutana mwaka 1905. Siku sita baadaye timu ya Wamaori wa New Zealand ikafika Thomond Park kucheza na Munster. Kabla ya haka, nahodha wao Ash Dixon alitoka mstarini akiwa na jezi nyeusi yenye herufi za kwanza za jina la Foley, akavuka katikati ya uwanja hadi walipokuwa wana wawili wa Foley, akawakabidhi. Hakuna aliyelazimika kuwaambia watu wa Limerick wanyamaze.