Iliki ya Msituni: Mmea Uzaao Miguuni

Apitaye kandokando ya misitu ya Mabira, Budongo au Kibale, nchini Uganda, hukutana na vichaka vya majani marefu yanayopita kimo cha mtu. Matunda yake Waganda huyaita matungulu. Sisi na tuuite mmea huu iliki ya msituni, kwani ni wa jamii moja na iliki, tangawizi na manjano. Wataalamu huuita Aframomum, jina lililotolewa mwaka 1904 na Karl Schumann, Mjerumani.

Wengi huutazama mmea huu juu tu, nao hawaujui. Kile kinachoonekana kama shina si shina hasa. Ni ala za majani zilizokumbatiana kwa nguvu, kama zilivyo za mgomba. Majani yenyewe yamejipanga safu 2, moja kila upande, mithili ya askari gwarideni. Shina la kweli limelala udongoni. Hutambaa likichipua huku na huku, hata kichaka kizima huweza kuwa mmea mmoja tu.

Maua nayo hayatafutwi kileleni. Huchomoza chini kabisa, kwenye kikonyo kifupi kitokacho katika shina hilo la ardhini, mara nyingi yakifichwa na majani makavu. Kila ua lina mdomo mpana unaodhaniwa kuwa petali, kumbe ni stameni zilizobadilika umbo zikaungana. Stameni yenye chavua ni moja tu. Nyuki aingiapo kutafuta utamu hupakwa chavua mwilini, akaipeleka kwenye ua jingine.

Baada ya ua huja tunda jekundu lenye umbo la chupa ndogo, nalo pia hukaa karibu na ardhi. Ndani mna nyama nyeupe yenye uchachu, na mbegu nyingi ndogo zing'aazo, zenye harufu ya viungo. Sokwe wa Kibale hula matunda haya, na hula pia kiini laini cha machipukizi. Mbegu wazimezazo hutawanywa mbali na mmea mama.

Yafaa basi tuzingatie mambo haya. Akwanyuaye tunda lililoiva hauui mmea, kwa maana shina limebaki salama udongoni. Lakini alimaye kwa jembe na kuling'oa shina hilo huondoa majani ya leo pamoja na matunda ya miaka ijayo. Naye achomaye moto majani makavu huunguza maua asiyoyaona.

Akina mama na akina baba, tuwafundishe watoto kuutambua mmea huu kwa dalili zake zote kwa pamoja: majani ya safu 2, harufu ya viungo jani lisuguliwapo, na tunda litokalo ardhini mbali na majani. Dalili moja haitoshi. Si kila tunda jekundu la msituni huliwa, na mtoto asionje kitu ambacho mkubwa aujuaye msitu hajakithibitisha. Katika misitu ya hifadhi, taratibu za wenye mamlaka zifuatwe.

Asiyeinama haoni mali ya mmea huu. Tuiname, tutazame, na tuache shina mahali pake.