Shasha: Taima ya taa inavyoweza kuokoa betri ya sola na pesa ya familia

Katika kijiji cha Shasha, kando ya Ziwa Kivu, jua linazama karibu saa kumi na mbili jioni, mwezi wowote wa mwaka. Kutoka hapo hadi kuche, familia yenye paneli moja ya sola na betri moja ina usiku wa saa 12 wa kuvuka.

Katika nyumba nyingi zinazotumia sola, taa ya nje inawashwa jioni na kusahauliwa mpaka asubuhi. Betri inaishiwa nguvu kabla ya alfajiri, na baada ya miezi michache inakufa kabisa. Kuinunua upya ni gharama kubwa kwa mkulima au mvuvi.

Dawa yake mara nyingi haihitaji paneli kubwa zaidi. Inatosha taima, yaani saa inayowasha na kuzima umeme yenyewe kwa muda uliopangwa.

Kuanza upya

Shasha iko wilayani Masisi, Kivu Kaskazini, kwenye barabara ya taifa namba 2 kati ya Sake na Minova. Mnamo Februari 2024 mapigano kati ya jeshi la serikali na waasi wa M23 yalifika hapo na barabara ikakatika. Watu wengi wa eneo hilo walikimbia. Kwa anayerudi na kuanza nyumba upya, kila kifaa kina thamani.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni karibu mtu mmoja tu kati ya watano anayepata umeme, ingawa maporomoko ya Inga pekee yanaweza kutoa zaidi ya megawati 40,000. Hata walio na nyaya hawana uhakika: Januari 2025, vita vilipoharibu laini za umeme, Goma ilikaa siku kadhaa bila umeme wala maji ya bomba.

Hesabu ya usiku mmoja

Tuchukue betri ya asidi ya volti 12 na Ah 50. Ikijaa inabeba wati-saa 600, lakini ili idumu inafaa kutumia nusu tu, yaani 300.

Balbu mbili za nje za wati 7 zikiwaka saa 12 zinakula wati-saa 168. Zinabaki 132. Televisheni ya wati 30 kwa saa nne inakula 120, na kuchaji simu tatu kunataka kama 30. Jumla ni 318, na betri tayari imepita mpaka wake.

Balbu hizo zikizimwa baada ya saa nne, zinakula 56 tu. Matumizi yote yanashuka hadi 206, na wati-saa 94 zinabaki kwa ajili ya siku ya mvua na mawingu.

Taima iliyo tayari nyumbani

Wengi wanayo taima bila kujua. Iko ndani ya kidhibiti chaji, kile kisanduku kidogo kinachokaa kati ya paneli na betri. Paneli isipopata mwanga, kisanduku kinajua kuwa giza limeingia.

Kwenye aina nyingi, mtu anabonyeza kitufe na kuchagua namba: 4 maana yake taa ziwake saa nne kisha zizime. Maana ya namba nyingine hutofautiana, hivyo ni vizuri kusoma karatasi ya kifaa au kumuuliza fundi.

Sharti ni moja: nyaya za taa ziunganishwe kwenye tundu lenye alama ya balbu. Zikiunganishwa moja kwa moja kwenye betri, kisanduku hakiwezi kuzizima, hata betri ikikaribia kuisha. Invata nayo isiunganishwe kwenye tundu hilo dogo, maana inaweza kuliunguza.

Televisheni nyingi pia zina taima ya usingizi kwenye rimoti. Na asiye na chochote anaweza kutegesha kengele ya simu imkumbushe kuzima.

Giza na usalama

Hata hivyo, katika eneo lililopitia vita, taa ya nje si anasa. Inamsaidia mama anayetoka usiku kwenda chooni, na inamtia shaka mwizi. Kuzima kila kitu saa nne usiku kunaweza kuleta hatari nyingine.

Njia ya kati ni kuacha balbu moja ya wati 1 ikiwaka usiku kucha. Itatumia wati-saa 12 tu. Nyingine ni taa ya sola yenye kihisi, inayoongeza mwanga mtu anapopita.

Kuna vitu pia visivyofaa kuwekewa taima: friji yenye dawa au chanjo, na taa za wavuvi wa sambaza, ambao kazi yao ni ya usiku ziwani.

Kwa wakaaji wa Goma wanaotumia mita za kulipia kabla, taima ya kuchomeka ukutani inafaa zaidi kwa mashine ya kupasha maji. Ikiwashwa saa moja kabla ya kuoga badala ya kutwa nzima, salio la mita linashuka polepole zaidi.

Kwa nyumba ya Shasha, hatua ya kwanza haina malipo: jioni ya leo, angalia taa yako imeunganishwa wapi, kisha panga saa ya kuizima.