Kuandika Sauti kwa Maneno Yanayorudiwa

Leo nasema nanyi habari ya maneno yaigayo sauti, na jinsi ya kuyaandika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza.

Methali yetu yasema: "Chururu si ndo! ndo! ndo!" Chururu ni maji yatiririkayo bila kukatika, ndo! ndo! ndo! ni matone yaangukayo moja moja. Mkulima wa mpunga wa Ubaruku, katika nchi ya Usangu, aijua vema tofauti hiyo. Akiletewa kijikaratasi jioni kwamba ukingo wa jaruba lake watoa maji ndo! ndo! ndo!, aweza kungoja mpaka asubuhi. Akiambiwa kwamba maji yatoka chururu, sharti ashike jembe mara moja, maana ukingo umekwisha toboka.

Basi kurudia neno si pambo. Kwaeleza kwamba sauti yakatika, kisha yaanza tena. Jiwe moja likitumbukia mtoni, twaandika chubwi! mara moja, vyura watatu wakifuatana, twaandika chubwi! chubwi! chubwi!

Waingereza nao hurudia. Matone kwao ni "drip, drip, drip", wala neno halibadiliki. Lakini mara nyingi hugeuza irabu: saa husema "tick-tock", kengele "ding-dong", na mvua nyepesi juu ya bati "pitter-patter". Tazameni: i hutangulia, kisha hufuata o au a. Mwanafunzi akiandika "tock-tick", herufi zote zipo, ila sikio la Mwingereza litakataa. Kwa hiyo sauti hazitafsiriwi neno kwa neno. Kila lugha ina sikio lake. Jogoo wetu awika kokoriko, na wa Kiingereza "cock-a-doodle-doo", ingawa ndege ni yule yule.

Sasa habari ya maandishi. Neno likiwa bado ni sauti tu, tulitenge kwa alama ya mshangao au ya mkato. Likiisha kuwa jina la kitu, tuliandike pamoja: pikipiki, na bombomu, yaani bunduki ya mfululizo. Tena si kila neno lirudiwalo ni sauti: polepole na majimaji hayaigi mlio wowote.

Kabla ya kuandika, sikilizeni kwanza. Je, sauti yaendelea au yakatika? Ni mara ngapi? Andikeni kadiri hiyo, msizidishe. Msomaji hakuwapo, atasikia kile tu mlichomwandikia.